Mama Mkwe na Wapenzi wa Kikorea

Nilipoolewa Kibiti, mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Nyumbani tuliishi wanne: mimi, yeye, mama yake, na wifi yangu, binti wa mwisho wa mama, aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani barazani. Ilikuwa miaka ile ambayo vitu vya nje vilianza kumiminika. Televisheni, ambayo utotoni niliwahi kuisikia tu kwa watu waliofika Dar, sasa iliuzwa madukani pale pale mjini kwetu. Mume wangu akanunua moja ndogo pamoja na deki, akiwa na nia ya kutazama mpira. Mpira hakuupata. Sisi wanawake tuliiteka ile televisheni kwa sizoni za Kikorea, zile tamthilia za mapenzi.

Diski tulikodi kwenye kibanda cha jirani. Zilikuwa zimetafsiriwa na kijana mmoja wa Dar aliyewasemea watu wote, waume kwa wake, hata vikongwe. Pale alipoona mazungumzo yamepoa aliongeza ya kwake, basi unamsikia tajiri wa Korea anaagiza chapati na maharage. Tulikaa kila alasiri, baada ya vyombo kuoshwa, mkekani, mama mkwe akiwa kwenye kiti chake na kibakuli cha kashata.

Kilichotushangaza ni jinsi wale wapenzi walivyokaa pamoja. Mwanamume aliinama barabarani, mbele za watu, akamfunga mwenzake kamba za viatu. Walikula meza moja, na mwanamume akachukua kipande cha nyama kwenye bakuli lake akakiweka kwenye wali wa mwanamke. Walipendana sizoni nzima bila kushikana mikono, na siku waliposhikana tulipiga vigelegele kama tuko harusini. Lakini palikuwa na jambo nisilolipenda hata kidogo: mwanamume akikasirika alimkamata mwanamke kifundo cha mkono akamburuta kama mbuzi, na muziki ukapigwa kana kwamba ndiyo mahaba. Wifi yangu alisema, "Mimi akinivuta hivyo, naondoka na mkasi wangu." Tukacheka.

Wifi yangu alikuwa na sababu yake ya kutazama kwa makini. Alipendana na kijana mkulima wa Mloka, kijiji kilichopakana na mbuga ya wanyama, aliyekuwa akija Kibiti kuuza ufuta. Kijana alikwisha kuleta mshenga, na mama mkwe alimrudisha. Alitaka bintiye aolewe kwa watu wa biashara kule delta, mto unapoingia baharini, alikozaliwa yeye, kwenye nyumba za mawe na watu wanaojuana tangu babu zao. "Mloka?" aliuliza siku ile. "Nimtoe mwanangu akaishi na tembo?" Tangu hapo neno hilo halikutajwa tena ndani ya nyumba. Wifi alishona kimya, na mashine ilisikika kuliko yeye.

Sasa kwenye sizoni tuliyokuwa tukiitazama, kijana wa tajiri alimpenda binti muuza supu. Mama wa kijana akamwita yule binti hotelini, akamwambia aachane na mwanawe, kisha akamwagia maji ya glasi usoni. Mama mkwe aliruka kitini.

"Mwanamke gani huyu! Mtoto wa watu kakukosea nini? Kuuza supu ni wizi?"

Wifi alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakugeuza uso. Alisema taratibu, "Na kulima ufuta, mama, ni wizi?"

Nilitamani niende jikoni. Mama mkwe akarudi kitini, akachukua kashata. Kwenye televisheni yule binti alitoka nje, mvua inanyesha, akateguka mguu. Kijana akamkuta, akachuchumaa, akampa mgongo. Akambeba kama mtoto mchanga, akapanda naye mlima mrefu wa nyumba nyingi. Mimi nikasema, ili tu pasiwe kimya, "Haya ni ya Korea tu. Mwanamume wa kwetu atambeba nani?"

"Mimi nilibebwa," mama mkwe akasema.

Tukamgeukia. Alikuwa bado anatazama kioo cha televisheni.

"Mwaka wa mafuriko makubwa, tuko Chumbi, kando ya mto. Nina mimba ya huyu mumeo. Maji yaliingia shambani tukiwa ndani ya kibanda. Baba yao alinibeba mgongoni, maji yakimfika kifuani, mpaka kwenye ardhi kavu. Njia nzima ananiambia nisitazame chini."

"Na nyumbani kwenu delta," wifi akauliza, "walimpenda baba?"

Mama mkwe akaweka kibakuli chini. "Baba yangu alisema siwezi kuolewa na mtu wa jembe. Nililia mpaka mama akanionea huruma." Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaingia chumbani kuswali Alasiri. Diski ikaisha bila mtu kuibadilisha.

Wiki ile ile aliniambia, "Mwanangu, jiandae. Tunakwenda Mloka." Tulipanda basi asubuhi, mama amevaa baibui lake la sikukuu, vumbi likitufuata njia nzima. Mama wa kijana alitupokea kwa haraka haraka, akatutandikia jamvi, akatuletea maji ya kunawa na muhogo wa nazi. Kijana mwenyewe alikuwa shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mahindi. Alipoitwa alikuja mbio, matope mpaka magotini, akasimama mbali kwa aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea nikuone." Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. "Nataka kujua jambo moja. Tembo wakija, mwanangu utamfanyaje?"

Nilidhani atajibu kwa maneno makubwa, kama wale wa kwenye diski. Kijana akafikiri.

"Mama, tembo wakija hata mimi nakimbia. Ila yeye nitamtanguliza mbele."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Sijawahi kumwona akicheka vile, kabla wala baada. "Mlete mshenga wako tena," akasema, "na safari hii asije na viatu vichafu."

Waliozwa baada ya mavuno. Haikuwa raha tupu. Msimu mmoja wanyama walimaliza mahindi yote, na wifi alikuja kukaa kwetu akiwa na hasira, akisema hatarudi. Mume wake alimfuata kwa baiskeli. Hakumvuta mkono. Alikaa barazani na mama mkwe akanywa chai, akasubiri mpaka mkewe alipotoka mwenyewe, wakazungumza. Walikubaliana kuhamia upande wa barabara, mbali na wanyama, wapate shamba la ufuta na wifi aweke cherehani yake. Mpaka leo wako huko. Nilipowatembelea mara ya mwisho, nilimkuta wifi anapima gauni la mteja, na mume wake jikoni anakuna nazi, anamuuliza kwa sauti kama chumvi imetosha.