Nilivyochagua laptop ya Linux kwa kibanda changu cha nyimbo Karatu

Habari za wakati huu wakuu. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na chumvi sitaongeza.

Nilitoka Singida na begi moja. Basi hadi Babati, kisha Mbulu kwenye matope, halafu lori lililokuwa linafuata vitunguu likanishusha Mang'ola. Nilivuna vitunguu msimu mmoja, mgongo ukakataa, nikapanda Karatu mjini.

Hapo nikafungua kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memory card.

Vijana wa sasa hamtaelewa. Siku ya mnada wafugaji wa Kimaasai walishuka kutoka Endulen, wengine hata kutoka Piyaya, na kadi zao. Kadi moja ilikuwa inazunguka simu zote za boma, kwa hiyo ilikuja na nyimbo za boma zima na virusi vya boma zima.

Laptop yangu nilikuwa naipiga Windows upya kila baada ya mnada. Mwisho hard disk ikagoma.

Nikaenda Arusha. Uwezo wangu ulikuwa mashine moja tu, nikikosea kibanda kinafungwa. Muuzaji akaweka mbili mezani: mpya nyembamba yenye Windows, na used nzito yenye Linux, OS nyingine tofauti na Windows.

"Broo, hii chomeka kadi yoyote, virusi vya Windows havina kazi humu."

Nikabeba nzito.

Karatu nilichekwa. Bayo, fundi simu jirani yangu, akaniuliza, "Kaka, umenunua laptop au tofali?" Program ya kuchanganya nyimbo niliyoizoea ikakataa, na wateja wa mix wakahama. Nilijuta kweli kweli.

Mnada uliofuata Bayo akaniletea mama mmoja wa Endulen. Kadi yake ilikuwa haifunguki, na Bayo alishamwambia dawa ni kuifuta. Mama hataki. Mumewe alikuwa amefariki, na humo alijirekodi akiwaimbia ng'ombe wake.

"Yeyo," nikamwita mama kwa Kimaasai, "ngoja nijaribu."

Nikachomeka. Mafaili yote yakaonekana, hata yale yaliyofichwa na kirusi.

(Najua mtasema hata Windows kuna command ya kuyafichua. Sawa, mimi form four, sikuijua.)

Nikabonyeza moja. Kikohozi kwanza, halafu sauti ya mwanaume ikajaa kibandani. Mama akavuta shuka usoni.

"Ni yeye. Hata kikohozi ni chake."

Bayo akasema, "Basi na za wateja wangu zichomeke kwenye hilo tofali."

Toka siku hiyo watu wa Endulen walikuwa wakishuka wananiulizia. Nyimbo walizopenda nikaziwekea folda yao. Hiyo ndiyo miaka niliyotulia kuliko yote.

Halafu zikaja smartphone na bando. Mnada ukawa unapita sijachomeka hata kadi moja. Miguu ikaanza kuniwasha, nikatamani kuhama tena.

Ushauri wangu kwa anayetafuta laptop: usianze na jina la mashine wala OS. Anza na watu watakaokuletea kazi, na wanakuja na nini mkononi. Nanyi tuambieni yenu mliichaguaje, hata watu wa Windows karibuni.

Ile nzito nilimuuzia tour guide mmoja. Akaniuliza, "Mzee, nikiweka Windows hutakasirika?"

Nikamwambia ni yako sasa, ila folda ya Endulen usiifute.

Akacheka, akadhani natania. Asubuhi yake nikapanda basi, na Karatu sijarudi tena.