Mimi ndiye Mama Ndimu wa Kolwezi: jinsi wakwe walivyotaka kumwacha binti yangu kwa sababu ya TV

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, leo nimeamua kuandika. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu mtaa wa Musonoi, hapa Kolwezi, Kongo. Chumvi sijaongeza. Atakayeona nimeongeza aje aulize majirani, nusu yao walikuwa wamesimama kwenye ua wangu.

Nitaandika Kiswahili cha darasani ili wa Mwanza na wa Mombasa mnielewe. Watu wakisema, nitawaacha waseme chetu.

Kwa kifupi mimi ni mwimbaji. Nilianza kwenye kwaya ya parokia, sauti ya pili, nikiwa na miaka kumi na minne. Baadaye bendi moja ya mtaani ikanichukua niimbe nyuma ya wanaume watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeshika tyuni. Samahani kwao kama wanasoma, lakini wanajua.

Huko ndiko nilikoanza kutunga. Nyimbo zangu waliimba wengine, wenye sura na viatu vya jukwaani.

Wimbo mmoja wa kumsindikiza bibi harusi nilimpa dada mmoja mwimbaji aliyekuwa anakwenda kurekodi Lubumbashi. Niliuandika nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mimba ya mwanangu wa kwanza, Nathalie. Wimbo ulivuma kweli. Jina langu halikutajwa popote. Iliniuma, kisha nikazoea, nikaendelea kupika.

Halafu ikaja michezo ya kuigiza. Kikundi kilichokuwa kinaonekana kwenye televisheni ya hapa kiliniita niimbe kati ya kipande na kipande. Siku moja mama aliyecheza nafasi ya mama mkwe akashikwa na malaria. Kiongozi akanitazama usoni, akasema wewe una sura ya ndimu, kaa pale.

Nikakaa. Nimekaa miaka minane.

Ndivyo nilivyogeuka Mama Ndimu, mama mkwe mbaya kuliko wote mkoani Lualaba. Kila mchezo naingia jikoni kwa mke wa mwanangu, nafunua sufuria, nabonyeza bukari kwa kidole (bukari ni ugali kwenu huko; ikilegea, inalala), nakunja uso, nasema: "Hii bukari inalala."

Basi. Watu wanavunjika mbavu.

Umaarufu wake sasa! Muuza nyanya sokoni ananichagulia zilizopondeka, anasema hizo ndizo zinanifaa. Vijana wa taksi-moto, bodaboda zenu, wananiuliza kama mke wa mwanangu bado yuko hai. Mume wangu ni dereva wa magari makubwa kwenye machimbo yanayoitwa Mashamba, wenzake wanampa pole kila asubuhi.

Mimi nilikuwa nafurahia. Kwa mtu ambaye wimbo wake ulivuma bila jina, kutukanwa sokoni kwa jina ni maendeleo.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Nathalie, ambaye leo ni muuguzi, akatuletea habari za kijana mmoja, Trésor. Fundi umeme, mpole, anasalimia mpaka mbwa. Familia yake ikamtuma mzee mmoja, msemaji wao. Akakaa, akanywa maji, akakohoa, akasema mtoto wanampenda sana, tatizo ni mama.

Mama Trésor, mama wa kijana, ananitazama kila Jumapili. Anaamini mtu hawezi kuigiza ubaya vizuri vile kama haumo moyoni. Anaogopa mwanawe kuoa kwenye nyumba ya namna hiyo.

Wakaweka sharti: niache mchezo, kisha waje nyumbani wanione kwa macho, ndipo watoe jibu.

Nilicheka. Kisha nikamwona Nathalie amesimama mlangoni, hacheki.

"Mama, mi siwezi kukuomba uache," akaniambia. "Lakini mi namupenda."

Wiki ileile nikamwambia kiongozi atafute ndimu nyingine. Nilirudi nyumbani nikalia huku naosha vyombo, sitawadanganya. Miaka minane si kidogo.

Siku ikafika, Jumamosi mchana. Nilijiapiza kutofungua mdomo isipokuwa kwa salamu. Nilivaa kitenge cha rangi ya upole, kama ipo rangi hiyo, nikakaa kwenye mkeka macho chini. Dada yangu ndiye aliyepika, maana mimi sikutaka kuonekana hata karibu na sufuria. Trésor mwenyewe alibaki kule mwisho wa ua, kwa heshima yetu ya mkwe na mama mkwe.

Wanawake wa upande wao wakaingia wanaimba. Na walikuwa wanaimba nini?

Wimbo wangu. Ule ule wa Lubumbashi.

Nikatazama mkeka. Wakafika ubeti wa pili: "Mumupokee, mumufundishe."

Wakuu, mimi niliandika "mumufunike". Mpokeeni, mfunikeni, kama unavyomfunika mtoto baridi ya mwezi wa sita inapoingia. Huo ndio wimbo. "Mumufundishe" maana yake nimewapelekea msichana asiye na adabu wakammalizie malezi.

Wakarudia. Nikavumilia. Mara ya tatu mdomo ulifunguka wenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama Ndimu, maana nikikasirika sina nyingine.

"Hapana. Si mumufundishe. Mutoto wangu nilisha kumufundisha. Ni mumufunike."

Mume wangu akafunga macho. Nathalie akashika kichwa. Nikajua nimeivunja ndoa ya mwanangu kwa neno moja.

Mama Trésor akaja mpaka mbele yangu. Mwanamke mfupi, sauti ndogo. Akauliza mimi ni nani hata niwasahihishe wimbo ambao Kolwezi nzima inaujua.

"Njo mi niliandika ule wimbo, mama," nikamjibu, yaani ndiye mimi. "Nathalie alikuwa angali mu tumbo."

Hakuamini. Akasema kama ni wangu kweli, niimbe kinachofuata, kwa sababu kwa anavyojua yeye hakifuati kitu.

Kinafuata. Kuna ubeti wa tatu ambao yule dada aliukata, eti wimbo mrefu. Sikuwahi kuuimba mbele ya mtu. Nikauimba pale pale kwenye mkeka, na nilikuwa katikati ndipo nikayasikia maneno yenyewe (kukamata kwetu ni kuchukua):

"Mukikamata mutoto,
mukamate na mama yake."

Sauti ikanikatikia hapo. Niliyaandika nikimwaza mama yangu, aliyebaki peke yake nilipoolewa. Sikujua kwamba najiombea mimi.

Mama Trésor alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaenda pale chakula kilipowekwa, akafunua sufuria, akabonyeza kwa kidole, akakunja uso.

"Hii bukari inalala."

Ua mzima ulilipuka. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nathalie alikuwa analia na kucheka pamoja. Ni dada yangu tu, aliyepika, ambaye mpaka leo hajacheka.

Harusi imepita, wanaendelea vizuri. Mimi nimerudi kwenye mchezo. Mama Trésor anasema Mama Ndimu anahitaji mpinzani mbaya kuliko yeye, na yuko tayari. Kiongozi anafikiria.

Nilichojifunza? Nilidhani nikijinyamazisha watanipenda. Kumbe, Mama Trésor aliniambia baadaye, nilipokuwa kimya ndipo waliponiogopa zaidi, walidhani ni kiburi. Walinipokea niliposema, tena kwa sauti mbaya. Na ukitunga kitu, andika jina lako juu yake, hata kwa penseli.

Haya, nani mwingine kazi yake imemponza kwa wakwe? Leteni, nasoma zote.

Na kama huko kwenu mnauimba ule wimbo, tafadhali: ni mumufunike.