Dengu Nilizokaanga Mchana

Mama alikuwa na sheria moja tu ya jikoni wakati wa vita: hakuna kukaanga. Chemsha unachotaka, maharagwe, viazi, sombe ya majani ya muhogo, lakini mafuta yasilie kwenye sufuria. Mtaa wetu wote wa Butembo ulikuwa umejifunza kula vya kuchemsha, kwa sababu askari mwenye njaa habishi hodi nyumba kwa nyumba, anafuata pua yake. Jirani yetu alikaanga kuku siku ya Pasaka, na kabla hajageuza vipande alikuwa na wageni watatu wenye bunduki mlangoni. Walikula kuku, wakachukua redio, na mume wake wakambebesha masanduku mpaka uwanja wa ndege wa Rughenda. Alirudi baada ya siku tisa na hakutaka kuulizwa kitu.

Sisi hatukuwa na redio. Tulikuwa na kaka yangu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa na mabega mapana, kijana wa aina ambayo kila kundi lililoingia mjini lilimtaka, ama abebe mizigo ama ashike silaha. Baba alikuwa amekwama Beni na njia imefungwa, kwa hiyo Mama aliamua peke yake. Alimpandisha kaka kwenye plafo, ile nafasi ya giza kati ya mbao za dari na mabati, na majirani akawaambia kwamba kijana amekwenda Uganda. Mchana alilala huko juu kwa tumbo, jioni alishuka kunyoosha miguu. Wakati ninaouelezea alikuwa amemaliza wiki saba.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilijiona nina akili kuliko Mama. Ninalisema hilo mapema ili nisionewe huruma.

Dengu alituletea mama mdogo, aliyekuwa akifanya biashara Kasindi, mpakani. Zilikuwa ndogo, nyekundu, zimeshamenywa, na pamoja nazo alileta vikaratasi vya viungo vya Wahindi: bizari, manjano, pilipili ya unga. Aliniambia kwa haraka, kikapu kikiwa bado kichwani, kwamba siri yake ni kukaanga viungo kwanza, dengu zinafuata baadaye. Mama hakujali siri. Alizipika kama maharagwe yetu ya Lubero, akaziloweka usiku kucha, akazichemsha tangu asubuhi na maji ya majivu ili zilainike. Zililainika kweli! Tulikula uji mwekundu, mchungu, na kaka alirudisha sahani kupitia tundu la dari akasema, “Mwambie Mama, hata kule kwa basoda hapana banakula hii.”

Alisema kwa utani, kwamba hata askari hawali hivyo, lakini niliona mkono wake uliposhika sahani. Mifupa ya kiganja ilikuwa imejitokeza. Mama naye aliuona, akageuka akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu mpya. Niliacha kuogopa tu kwamba watamkuta, nikaanza kuogopa kwamba tutamteremsha siku moja akiwa hawezi kusimama.

Ndiyo maana Mama alipokwenda sokoni siku ya Jumatano, nilitoa zile dengu zilizobaki. Nilijipa hoja, na nilijivunia hoja yangu: sheria ya Mama ilikuwa ya nyama. Katika dengu hakuna kuku, hakuna maziwa, hakuna siagi, hakuna chochote kilichowahi kutembea. Askari gani atafuata harufu ya kunde?

Tangu vita vianze tulikuwa tukipika ndani, koridoni, ili moshi usionekane uani, na mbabula yetu, lile jiko la makaa, ilikaa karibu chini ya tundu la dari. Niliwasha makaa. Nilisaga karanga mbichi kwenye jiwe, nikazichanganya na maji ya moto mpaka zikawa nzito na nyeupe, kwa sababu nilitaka mchuzi uwe laini, wa kushika ugali. Nikatia mafuta ya mawese, kitunguu, tangawizi, halafu nikamwaga viungo vyote vitatu pamoja.

Sikuwa nimewahi kusikia harufu ya namna ile ndani ya nyumba yetu. Ilipanda ghafla, ikajaza koridoni, ikanishika koo. Juu ya kichwa changu kaka alikohoa, akakohoa tena.

“Mudogo, unataka kuniua?”

“Vumilia, Yaya,” nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa. “Leo utakula.”

Nilikuwa nacheka. Nilitia dengu, maji, baadaye maziwa yale ya karanga, na rangi ikawa ya chungwa, nzuri mno. Nilitandika mkeka nikapanga sahani tatu. Hapo ndipo nilisikia buti kwenye changarawe za uani, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Askari alikuwa mmoja, mtu mzima, mwenye ndevu chache na macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakubisha hodi. Alisimama koridoni, bunduki begani, akavuta hewa kwa pua.

“Nani anapika hapa? Arufu inafika mupaka kule kwa barabara.”

Mwili wote ulikuwa unasikiliza dari. Niliomba Mungu amzibe kaka mdomo, amzibe pua, amfanye gogo. Askari akavuta kigoda akaketi chini ya lile tundu kabisa, kwa sababu ndipo penye joto la mbabula, na baridi ya Butembo haimpendi mtu aliyelala nje.

Mama aliingia wakati huo na kikapu chake cha mboga. Aliangalia askari, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa vile tena maishani, na sitaki.

“Karibu, papa,” akamwambia askari kwa sauti ya kawaida kabisa. “Umekuta chakula.”

“Muko bangapi hapa, mama?”

“Babili. Miye na huyu mutoto.”

Askari akanyoosha kidole kwenye mkeka. “Na sahani ya tatu?”

“Ya mugeni. Kwetu hapana kosa sahani ya mugeni. Haya, umeiona, ni yako.”

Akampakulia. Alimpakulia nyingi, sehemu yote niliyoipika kwa ajili ya kaka, na askari akala kwa mkono, polepole, akifunga macho. Sufuria bado ilikuwa motoni na ile pilipili ilikuwa bado inapanda. Niliusikia mwanzo wa kikohozi huko juu, ule mkwaruzo mdogo wa mtu anayejizuia, nikakohoa mimi kwa nguvu. Mama akakohoa. Tulikohoa wote wawili kama wagonjwa wa kifua, machozi yakitutoka, na katikati ya kukohoa kwetu kikasikika cha tatu, kizito, cha mwanamume, na vumbi jembamba likadondoka kutoka kwenye mbao likaangukia bega la askari.

Alilipangusa. Hakuinua macho. Akaendelea kula mpaka sahani ikawa nyeupe, akanawa, akashukuru. Mlangoni alisimama akiwa ametupa mgongo.

“Mama, ule wa yulu ya plafo naye anasikia njaa. Mumupatie,” akasema. “Leo ni miye. Lakini arufu hii, si miye peke yangu nimeisikia.”

Akaondoka. Mama akafunga mlango.

“Muteremushe. Anaenda leo, sasa hivi.”

Kaka alishuka, utando wa buibui kwenye nywele, akijishika ukutani. Nilimngojea anikaripie. Nilitaka anipige hata kofi. Aliuliza tu, “Kuko kidogo yenye ilibaki?” Kilikuwepo kilichoshika chini ya sufuria. Alikikwangua kwa kidole akiwa amesimama huku Mama akimvalisha koti la Baba na kumpa jembe, na akaniambia, “Iko tamu, Mudogo.” Kisha akatoka kwa nyuma pamoja na wanawake wawili wa mtaa waliokuwa wanakwenda shambani, yeye akiwa ameinamisha kichwa, njia ya kupanda Masereka kwa ndugu za Mama. Ilikuwa saa nane mchana. Askari wengine walikuja saa kumi, watano, na kitu cha kwanza walichofanya kilikuwa kupasua dari kwa vitako vya bunduki.

Mama hakunigombeza. Alininyang'anya mwiko. Kwa wiki tano hakuniruhusu kusogelea moto, hata kuchemsha maji ya kuoga, na tuliishi humo ndani kama watu wawili wanaongojea kwenye foleni moja bila kujuana. Nililala nikihesabu vijiji vya njiani, nikijiuliza ni katika kipi wamemkamata. Nilimchukia mama mdogo na vikaratasi vyake, halafu nikajichukia zaidi.

Siku moja mwanamke mwenye gunia la viazi alisimama uani. Alikuwa ameteremka kutoka Masereka kwa miguu. Hakutaka hata maji kwanza.

“Mutoto wako iko,” akamwambia Mama. “Analima. Amenenepa kidogo.”

Mama akakaa chini pale pale aliposimama, juu ya udongo mbichi, na kanga yake safi ya kanisani. Alilia, akacheka, akamshika yule mwanamke miguu. Nilibaki mlangoni, sikuthubutu kusogea. Baada ya muda mrefu akaniona. Akaingia ndani, akatoka na mwiko, akanipa mkononi.

“Haya, mama yangu. Pikia mugeni.”

Nilipika viazi vya mgeni. Nilivichemsha tu, na nilivitia chumvi mara mbili kwa sababu ya machozi, na Mama alivila vyote pamoja naye.