Kadi Arobaini na Tatu

Wanaosema kwamba binti mkubwa wa nyumba hii ya marehemu mhandisi alifukuzwa kazi kwa kughushi takwimu wamedandia hadithi kwa mbele. Hakufukuzwa, wala hakughushi.

Aliongoza waandika programu sita waliotengeneza mfumo wa kupanga miadi ya wagonjwa. Kazi ilikwenda mwendo wa kinyonga, naye tangu utotoni hakujua kutulia. Akabuni dawa: kila kazi iandikwe kwenye kadi, ikiisha kadi ihamie upande wa kulia wa ukuta, na Ijumaa zihesabiwe. Wiki ya kwanza zilihama kumi na moja. Ya nne, arobaini na tatu. Mkurugenzi alifurahi hadi jino la mwisho likaonekana, akawaalika wenye hospitali waje Jumatatu wajionee.

Lakini mfumo wenyewe ulikuwa palepale. Ijumaa hiyo binti alikaa, akainuka, akazunguka chumba, kisha akaanza kusoma kadi mojamoja. Badilisha rangi ya kitufe. Kagua rangi ya kitufe. Thibitisha rangi ya kitufe. Akamgeukia mkongwe wa timu, waliyemwita Babu ingawa hakuwa na mjukuu.

"Babu, kitufe kimoja kimezaa mapacha watatu?"

"Ulitaka kadi, dada, tukakupa kadi," alijibu bila kuinua macho. "Ungetaka mfumo, tungekupa mfumo."

Kazi ngumu kuliko zote, ya kuzuia wagonjwa wawili wasipangiwe daktari mmoja kwa wakati mmoja, ilikuwa bado kushoto. Ingekula wiki mbili na kuhesabiwa kadi moja tu, basi nani aiguse?

Jumamosi na Jumapili kila kiti cha nyumbani kilikuwa na miiba. Mama yake alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Jina la baba lilindwe kwanza.

"Mama, wagonjwa wakigongana mlangoni kwa daktari, jina litalindwa na nani?"

Jumatatu, kabla ya wageni, binti alimweleza mkurugenzi kwamba zilizoongezeka ni kadi, si kazi, na kosa ni la aliyezibuni. Ziara ikaahirishwa. Uongozi akauacha kwa hiari yake, akahamia meza ya pembeni mwa Babu, wakaianza ile kazi ngumu pamoja.

Mkurugenzi alimjibu nini? Hilo ni lao wawili. Nyumba hii haina la kuongeza.