Mikono Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Bi Funguo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ufunguo wenyewe ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, na akilala ulilala naye. Ulikuwa wa chumba kimoja tu, kile cha mwisho wa korido, chumba cha vitabu vya baba yake.

Baba huyo alikuwa mwalimu, na mshahara wake uliishia kwenye vitabu, mkewe akilalamika mpaka akachoka. Alivipanga kutoka sakafuni hadi darini. Siku hizo mlango haukuwa na kufuli. Fundi viatu aliingia, mkunga aliingia, waliingia wanafunzi wenye hamu ya kusoma na waliofuata chai tu, na mzee akawapokea wote. Alipokuwa anakata roho alimshika binti yake mkono akamwambia, "Vitunze hivi, wajukuu wako waje wavikute." Basi. Laiti angeongeza kwamba wakishavikuta wavisome!

Maana binti yake alikuwa mtu wa kushika neno kama lilivyo. Alikuwa fundi cherehani. Ukimwambia inchi mbili, alikata inchi mbili. Msiba haujapoa vizuri, akaenda dukani kununua sabuni ya unga, akafungiwa sabuni hiyo kwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha baba yake. Alilia palepale dukani, watu wakidhani kaibiwa. Aliyekiazima kile kitabu na kukiuza kama karatasi chakavu alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Siku hiyohiyo Bi Funguo alinunua kufuli.

Tangu hapo chumba hakikuonja mtu. Kila Jumamosi aliingia peke yake na kitambaa, akafuta vumbi, akapulizia dawa ya mchwa, akafunga. Kusoma? Hata yeye hakusoma. "Nitasoma nikiacha kushona," alikuwa akisema. Mtoto wa jicho hakumsubiri aache kushona. Miaka ya baadaye alimwingia macho yote mawili, na vitabu vikabaki vitu vya kupapasa.

Bwana mmoja alipita maishani mwake, akamwachia mtoto wa kike, akaenda zake. Mtoto huyo alifundishwa sheria ya korido kabla hajajua kujifunga viatu: ukipita mlango ule, mikono nyuma. Akisahau, alipigwa kofi la vidoleni. Wageni walicheka wakimwona anavyopita kama askari wa gwaride. Samaki mkunje angali mbichi, na Bi Funguo alimkunja wake barabara.

Mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, binti alikuja kusimama mbele ya cherehani.

"Mama, naomba kitabu kimoja tu. Cha mito na milima. Nimekiona kwenye ufa wa mlango. Nitanawa mikono."

"Hivyo si vyako. Ni vya wajukuu."

"Sasa mimi ni nani humu ndani?"

"Wewe ni mama yao. Akiba haiozi. Hebu nipishe, unanizibia mwanga."

Binti hakulia. Alichukua daftari lake akaenda kusoma kwa yule jirani wa karatasi ya sabuni, ambako vitabu havikuwa na majalada lakini viliguswa. Hakuomba tena, na mama yake akajisifu kwa majirani kwamba mtoto ameelewa. Ameelewa! Alielewa kweli, tena sana.

Akakua, akafungua saluni upande wa pili wa mji, akapata mtoto wa kike. Alikuja kumsalimia mama yake, akaleta sabuni, akaleta dawa za macho, akapita korido bila kugeuza shingo.

Kisha mvua zikatoboa paa. Bi Funguo aliweka masufuria chini ya matone, akatambua hayatoshi, akakubali kumpokea afisa wa majengo ya kale aliyekuwa akimfuata siku nyingi. Afisa alikuwa mtu mpole. Alisema wataezeka upya, watapiga plasta, wataweka meza na taa, na watoto wa mtaa watakuja kusoma kama enzi za mwalimu.

"Ila nyumba ni ya familia, mama. Lazima mtu wa familia ahamie humu, ashike ufunguo baada yako. Asipopatikana, vitabu tutavihamishia kwenye ghala letu."

Bi Funguo alijua ghala maana yake nini. Vitabu vya baba yake vingelala ndani ya maboksi mpaka kiama. Akamwita binti yake, naye akaja na mwanawe. Wakasimama wote mlangoni, afisa pembeni na kikombe chake cha chai. Bi Funguo alivua ile kamba shingoni, mara ya kwanza watu wanaona, akafungua mlango, akamnyooshea binti yake ufunguo.

"Mwanangu, chukua. Vyote viko salama. Tangu niweke kufuli sijapoteza hata kimoja."

Binti aliutazama. Mikono yake ilikuwa nyuma. Sidhani alijua imefikaje huko.

"Mama, mimi hata sijui kimeandikwa nini humo."

"Utajua sasa."

"Sasa?" Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Nilikuomba kimoja, mama. Kimoja! Uliniambia nakuzibia mwanga. Mwanga si huu hapa, nimekuachia wote."

Afisa aliinamia kikombe chake. Bi Funguo alibakiwa na tegemeo moja, yule ambaye mambo yote haya yalifanywa kwa ajili yake. Akapapasa rafu ya karibu, akachomoa kitabu kikubwa cha picha za ndege, akainama mpaka magoti yakalia.

"Njoo, mjukuu wangu. Hivi vyote ni vyako. Bibi amekuwekea tangu hujazaliwa. Shika."

Mtoto hakusogea. Alisimama wima, viwiko vimetokeza ubavuni.

"Shika, mama. Fungua, unisomee. Bibi haoni."

"Hairuhusiwi," mtoto akasema.

"Nani kakukataza? Mama yako?"

Mtoto alitikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba bibi haoni.

"Wewe, bibi. Siku ile ya sikukuu, nilipotikisa kufuli. Ulinipiga vidole."

Methali ya majuto mnaijua, sina haja ya kuitamka. Bi Funguo aliendelea kuinama na kitabu chake hewani, mpaka binti yake akaja akamshika kiwiko, akamwinua, akamketisha kitini. Kitabu hakukigusa. Afisa alisubiri kwa heshima, akaweka kikombe chini, akauliza gari lije lini.

"Hata kesho," alisema Bi Funguo. "Waambie wapakiaji wanawe mikono."