Ubao Bubu na Msimu Usio na Doa

Saa kumi na mbili asubuhi, mfanya usafi ambaye wote humwita Shangazi anavua viatu mlangoni na kuingia ukumbi wa michezo wa chuo kwa soksi. Anasukuma deki kavu hadi ukutani, anageuka. Kushoto kwa kikapu anasimama, anagonga sakafu kwa kisigino, anasikiliza. Anatabasamu.

"Ubao wa sakafu hapa ulikuwa bubu," anasema. "Ukiugonga haujibu."

Ana miaka hamsini na mbili, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye sakafu hii. Hajawahi kurusha mpira wa kikapu hata siku moja. Lakini ukitaka kujua wasichana hawa wa timu ya kikapu ya chuo, walioshinda mechi mbili tu msimu uliopita, walivyomaliza ligi ya mechi kumi na nne bila kufungwa, anza kwake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ya sakafu anaijua mwenye deki.

Mpira ukidundwa kwenye ubao ule ulikuwa unafia palepale. Mwanzoni mwa msimu Shangazi alimwambia nahodha, binti mrefu wanayemwita Ngazi, kama utani tu. Ngazi hakuuchukulia utani. Kila mechi ya nyumbani, timu yake ikaukwepa ubao na kuwasukumia wageni huko.

"Ugenini tulishinda zote saba, na huko hakuna ubao bubu," Ngazi anasema, macho chini. "Tukajiambia haina neno."

Neno likaja mechi ya mwisho ya ligi. Mchezaji mmoja mfupi wa timu ngeni aliwatoka wote, akafika pale, mpira ukamfia miguuni. Wageni wakapoteza kwa pointi moja. Shangazi alimkuta mchezaji huyo baadaye kwenye korido, ameketi chini, anatazama viganja vyake.

"Akaniuliza, 'Mama, hivi mkono unaweza kusahau kudunda mpira?' Nikajiona mchafu, mimi ninayeishi kwa usafi."

Fainali ilikuwa siku tano mbele, ukumbi uleule, timu ileile. Shangazi akaenda kwa kocha, akamweleza yote. Kocha akasema, "Mwite seremala." Halafu akawapigia simu wageni, akawaambia ukweli.

Ubao mpya ukapigwa. Ngazi hakumsalimia Shangazi siku nne nzima.

"Alikuwa ananipita kama ndoo," anasema Shangazi, akicheka. "Lakini niliogopa. Hawa ni wanangu. Wakishindwa, kombe nimewanyang'anya mimi."

Siku ya fainali hakukaa. Alisimama mlangoni, deki mkononi. Yule mfupi akaja mbio hadi palepale, mpira ukadunda vizuri, akafunga. Wageni wakatangulia kwa pointi moja, zikiwa zimebaki sekunde tisa.

Ngazi akapokea mpira. Wakabaji wake walishaijua njia yake ya kuzunguka ubao, wakamsubiri huko. Hakuzunguka. Alinyoosha moja kwa moja, akadunda mara moja juu ya ubao mpya, akapaa. Mwandishi wa makala haya amehudhuria fainali nyingi, ila hajapata kusikia ukumbi mzima ukinyamaza kusikiliza mdundo mmoja. Mpira uliingia bila kugusa chuma. Nilisahau kuandika.

Wenzake walikimbilia kombe. Ngazi alikwenda mlangoni, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unanilowanishia sakafu."

Ubao wa zamani sasa umeegemezwa kwenye stoo yake, umeandikwa majina kumi na mawili ya wachezaji. Wasichana wamemwomba kocha amruhusu Shangazi asafiri nao ugenini msimu ujao, na amekubali. Shangazi ameshanunua soksi mpya.

"Nitaanza kwa kuzipitia sakafu za wenyeji," anasema. "Nikikuta ubao bubu, nitawaambia wao kwanza. Wanangu nitawaambia wacheze tu."