Kiboti cha Mkono Mmoja

Fundi saa alifungua saa kwa mkono wa kulia tangu ujanani, mpaka kiharusi kilipompitia na kuuacha ukining'inia kama mkono wa shati tupu. Kibanda chake alikifunga bila kununa. Kilichomkaa rohoni ni mashua yake ndogo ya tanga. Usukani angeuweza kwa mkono wa kushoto, na shemeji yake angeshika kamba. Shida ni kwamba mashua ilikaa nangani kwenye kina, na haifikiwi ila kwa kiboti, ambacho baadaye hufungwa nyuma na kukokotwa. Kiboti chake cha zamani, chembamba, kilimmwaga mara ya kwanza tu alipojaribu kupanda. Akaapa kuiuza mashua.

Mkewe, mshona nguo, aliogopa maji kama paka. Tangu waoane hakuwahi kuyaingia kupita kifundo cha mguu. Lakini Jumamosi iliyofuata alimwambia mumewe avae viatu, wakaongozana na shemeji hadi kwa muuza viboti, ufukweni.

Shemeji, kaka wa mkewe, mjuaji wa kila jambo, alikipenda kimoja chembamba, akisema kitafuata mashua bila kuivuta nyuma. Muuzaji alisifia cha mpira. Pembeni kilikuwapo cha tatu, kipana, bapa, kama hori la ng'ombe. Shemeji alicheka kwamba wakikokota hicho, watafika mwakani. Fundi saa naye, kwa kweli, alikuwa amekwisha kukipenda kile chembamba.

Mkewe aliomba vyote vitiwe majini. Kisha akavua mtandio, akaufunga mkono wake wa kulia ubavuni, akakaza fundo kwa meno, akaingia majini mpaka kiunoni.

Chembamba kilimpindukia mkewe, akazama, akaibuka akikohoa. Cha mpira kiliteleza, hakikuwa na pa kushika. Fundi saa alitaka kumwambia basi, inatosha, lakini mkewe alikuwa tayari anakielekea cha tatu. Alimjua mwanamke huyu mpaka namna anavyokoroma, na leo alikuwa akimwona kwa mara ya kwanza. Aliingiwa na kicho, kile kinachomfanya mtu avue kofia bila kuambiwa.

Kwenye kile kipana mkewe aliweka kiwiko, akaweka goti, akajivuta. Kikainama kidogo, kikampokea. Akakaa katikati, ameloa chapa, meno yakigongana.

"Hicho kizito, mke wangu," fundi saa alisema. "Kitatupunguzia mwendo."

"Kwani unawahi wapi?"

Fundi saa aliingia majini na viatu vyake, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkewe hakufungua mtandio. Alimpa wake wa kushoto, akamvuta ndani.